Mshipa Umelala: Bega Langu na Maneno ya Tiba

Kiswahili kimelitwika bega kazi nyingi kuliko ile ya kuunganisha mkono na kiwiliwili. Penye shida tunasimama bega kwa bega. Lawama tunazibeba mabegani, ingawa hakuna aliyewahi kuzipima kwa ratili. Aulizwaye jambo asilolijua hupandisha mabega bila kutia neno, nasi tumtazamao tukalisoma jibu lake sawasawa. Lipo na jina jingine, fuzi, ambalo leo tunakutana nalo katika kamusi na tungo za kale kuliko vinywani mwa watu. Maneno haya niliyafundisha darasani kwa miaka 14 bila kulifikiria bega lenyewe. Tangu Machi 2016 ninalifikiria kila siku, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba sehemu kubwa ya yaliyonipata, mabaya na mema, ilipitia katika maneno niliyoambiwa.

Ajali yenyewe haina urefu wa kusimuliwa. Nilikuwa abiria wa bodaboda hapa Tanga, nikirudi nyumbani kutoka shuleni. Gari lilichomoza katika njia ya pembeni, pikipiki ikayumba, nami nikaangukia bega la kulia huku kichwa kikivutwa upande wa pili. Sikuvunjika mfupa. Bega lilikuwa limeteguka, na katika kituo cha kwanza cha afya walilirudisha mahali pake, wakauning'iniza mkono shingoni kwa kanga niliyokuwa nimejitanda. Nilipouliza kwa nini mkono hauinuki na kwa nini ngozi ya juu ya bega imekufa ganzi, nilijibiwa kwa upole, "Mshipa umelala, Mwalimu. Utaamka wenyewe."

Maneno hayo mawili, mshipa umelala, ndiyo niliyorudi nayo nyumbani. Shangazi yangu alipofika kutoka Pangani na kuyasikia, alisema kwa yakini ya mtu aliyelea watoto saba, "Kama umelala, mwanangu, basi si uamshwe?" Akaleta mkandaji na mafuta ya nazi ya moto. Jirani akaleta yake, mke wa shemeji akaleta yake. Kila mmoja alikuja kuamsha mshipa, na kila mmoja alikuwa na mshipa wake akilini.

Hapo ndipo mwalimu wa lugha aliye ndani yangu alipoanza kushtuka. Mshipa ni njia ya damu, ile idundayo chini ya kidole ukiushika mkono wa mgonjwa. Mshipa ni uzi wa fahamu, uchukuao amri ya ubongo hadi kwenye mnofu na kurudisha habari za moto, baridi na maumivu. Kwa vinywa vya wengi mshipa ni ukano pia, ile kamba nyeupe ishikayo msuli na mfupa. Mshipa ni ngiri, ugonjwa ambao wazee hawautaji mbele ya watoto. Na asiye na haya tunasema hana mshipa wa aibu. Shangazi alifikiri damu imeganda. Mkandaji alitafuta ukano uliojikunja. Mama yangu, masikini, aliogopa ngiri. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria uzi wa fahamu, kwa kuwa uzi huo hauonekani, haudundi, na haukandiki.

Nisieleweke kwamba ninakilaumu Kiswahili kwa umaskini. Lugha nyingi zilianzia hapohapo. Wayunani wa kale walikuwa na neno moja, neuron, kwa ukano, kwa uzi wa upinde, na kwa kitu ambacho baadaye kilikuja kuitwa neva. Kilatini nacho kilifanya vivyo hivyo kwa neno nervus. Kiarabu husema asab, na neno hilo hubeba ukano na neva kwa pamoja. Ilibidi watu kama Herophilus na Erasistratus, waliofanya kazi Alexandria katika karne ya 3 KK, waifungue miili ya wafu na kufuata nyuzi moja moja ndipo itengwe ile ivutayo na ile ipelekayo habari. Sisi tuliipata tofauti hiyo ikiwa imekwisha kutengenezwa, tukaiita mshipa wa fahamu, jina zuri kupita neva, maana limebeba kazi yake ndani yake. Lakini mtu akiwa na haraka, au akitaka kumfariji mgonjwa, hukata jina hilo katikati, akabakiza mshipa tu.

Na vipi kuhusu kulala? Mwaka 1943, vita vikiwa vimewajaza hospitalini vijana wenye mikono iliyopooza, daktari wa Uingereza aitwaye Herbert Seddon alizigawa ajali za mishipa ya fahamu katika daraja tatu. Katika ya kwanza, uzi ni mzima lakini umeshtuka, haupitishi amri. Huo kweli umelala, nao huamka baada ya majuma au miezi michache. Katika ya pili, nyuzi za ndani zimekatika lakini ganda lake limebaki, hivyo zaweza kuota upya zikifuata njia ileile. Katika ya tatu, vyote vimekatika, na pasipo mkono wa mpasuaji hakuna kitakachojiunga. Alizipa daraja zake majina ya Kiyunani ambayo hata Waingereza hawayatamki kwa urahisi. Mimi, tangu nizijue, nimezipa majina yetu: mshipa uliozimia, mshipa uliovunjika ndani, na mshipa uliokatika. Mgonjwa akiambiwa mojawapo ya hayo matatu atajua kama asubiri au apande basi. Aliyeambiwa umelala ataingoja asubuhi.

Nami niliingoja. Mwezi wa saba baada ya ajali, kiwiko kikaanza kujikunja. Nyumbani kukawa na vigelegele; mshipa umeamka! Tukaamini bega nalo linafuata. Halikufuata. Mnofu wa juu ya bega uliendelea kuyeyuka hata ncha ya kombe la bega ikachomoza chini ya ngozi kama kigingi chini ya turubali. Mkono ulining'inia, na uzito wake ukaliteremsha fundo la bega hadi nikawa natembea nimeushika kiwiko kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyembeba mtoto wa mwenzake. Ubaoni nikawa naandika kwa kushoto. Mashairi nayo nikawa nayaandika kwa kushoto, na yakawa mafupi. Mkuu wangu wa shule, kwa nia njema, alianza kuzungumza habari za kunihamishia maktaba.

Miezi 22 ilipotimia nilimwona daktari bingwa jijini Dar es Salaam. Huyu alikuwa mtu wa kalamu na karatasi. Alinichorea mizizi mitano ya mishipa ya fahamu itokayo shingoni na juu ya kifua, minne ya shingo na mmoja wa kifua, inayoungana, ikaachana, ikaungana tena kabla ya kushuka mkononi. Wanatiba huuita mtandao huo kwa neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichosukwa. Nilipoitazama ile michoro niliona ukili, ule wa kushonea mkeka, na niliona kichwa cha binti yangu. Kumbe kila mmoja wetu ana msuko chini ya mtulinga wake, na wangu ulikuwa umevutwa hadi nywele mbili za juu, ule mzizi wa tano na ule wa sita, zikaachia. Baadhi ya nyuzi zilikuwa zimeota upya hadi kiwikoni. Zile za begani hazikufika.

Kisha akanipa hesabu, nayo ilikuwa ngumu kumeza. Mshipa wa fahamu ukiota, huota kiasi cha milimita 1 kwa siku. Sentimita 15 ni siku 150, yaani miezi mitano. Wakati huohuo msuli usiopokea amri haukai ukiusubiri. Hukonda, mafuta huchukua mahali pake, na baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hata amri ikifika haimkuti mpokeaji. Kwa hiyo kuushona mshipa, au kuuazimia uzi wa mshipa mwingine, hufaa sana katika miezi sita ya mwanzo. Mimi nilikuwa nimefika mwezi wa 22. "Mlango wa mshipa umefungwa, Mwalimu," alisema. "Tuuangalie mlango wa msuli."

Alichokusudia ni hiki. Msuli wa bega wenye umbo la pembetatu, uitwao deltoidi kwa kuifuata herufi ya Kiyunani, ulikuwa umekufa. Katika kipimo cha nguvu za misuli, ambacho huanzia 0 na kuishia 5, wangu ulikuwa 0, maana yake hautikisiki hata kidogo. Lakini juu yake kuna msuli mwingine mpana, utokao kisogoni na mgongoni ukashika mtulinga na ncha ya kombe la bega. Huu huitwa trapezi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya meza ndogo. Mshipa wake wa fahamu haupiti katika ule msuko. Hutoka chini ya fuvu ukashuka shingoni kwa njia yake peke yake, na ndiyo maana ajali iliyouchana msuko haikuugusa. Wangu ulikuwa na nguvu kamili, 5. Daktari alitaka kuukata sehemu ya juu pamoja na kipande cha mfupa ulikoshikilia, auteremshe, akikaze kipande hicho kwa parafujo kwenye mfupa wa mkono wa juu. Mfupa ungeshikana na mfupa, na msuli uliozoea kupandisha bega ungeanza kuinua mkono.

Niliporudi Tanga na kueleza kwamba daktari anataka kuhamisha msuli, shangazi alinitazama kwa muda. Wakazi wa mwambao wataelewa. "Msuli?" akauliza. "Msuli wa nani, na akishauhamisha huyo bwana atavaa nini?" Tulicheka hadi machozi, mimi nikilishika bega langu bovu lisiumie. Kicheko kile cha neno moja lenye maana mbili, mnofu na nguo ya kiunoni, kilikuwa cha kwanza nyumbani kwetu baada ya miezi mingi.

Lakini baada ya kicheko kulikuwa na uamuzi. Ufundi wenyewe haukuwa wa jana. Leo Mayer wa New York aliandika juu ya kuuhamisha msuli huu mwaka 1927, akaurefusha kwa utando aliouchukua pajani. A. K. Saha wa Calcutta, India, aliandika kwa kirefu mwaka 1967 juu ya mabega yaliyopooza, akifundisha kwamba bega halina msuli mmoja wa kuhamishwa ukatosha, kwa kuwa kuna ile iinuayo na ile ishikiliayo. Wengi wa wagonjwa wa zama zao walikuwa wameumizwa na polio. Leo, katika miji yetu, pikipiki imechukua nafasi kubwa ya ugonjwa ule.

Kilichonitisha hakikuwa kisu. Nilitakiwa kutoa kitu kilicho hai ili kikafanye kazi ya kitu kilichokufa. Daktari hakunificha. Msuli uliohamishwa hupoteza kiasi cha nguvu zake. Wa 5 huweza kushuka hadi 4, na wa 4 hadi 3, ndiyo sababu hauhamishwi msuli dhaifu. Mkono hautafika juu ya kichwa. Bega la kulia halitapanda tena kama la kushoto, na shingo itachoka upesi. Kipande cha mfupa huweza kukataa kushika. Njia nyingine ilikuwa kulifunga fundo lenyewe kwa chuma ili mkono ukae umeinuka kidogo maisha yangu yote, na njia ya tatu kuacha hivyo hivyo. Mama alisema mkono wa kushoto upo. Mume wangu alisema atakubali nitakalolichagua, jambo ambalo ni la upendo lakini halimsaidii mtu usiku wa manane.

Nilipokuwa macho usiku nilikuwa nikiorodhesha vitu, si kwa ukubwa wake bali kwa urefu wake kutoka ardhini. Kikombe mezani, mdomo wangu, nusu ya ubao, kichwa cha binti yangu akiwa amekaa chini mkekani katikati ya magoti yangu. Kila kimoja kilikuwa chini ya urefu aliouahidi daktari. Vilivyokuwa juu yake, kabati la vyombo na kilemba changu mwenyewe, wangeweza kunisaidia watu. Kusuka nywele za mwanangu sikutaka kusaidiwa. Nikatia saini.

Upasuaji ulifanyika Juni 2018. Niliamka nikiwa nimefungwa fremu iliyoushikilia mkono pembeni mwa mwili, umeinuka kama wa mtu aliyeegemea dirisha la daladala. Nilikaa hivyo majuma sita, nikilala nimekaa, nikipita milangoni ubavuubavu. Juu ya majuma hayo sina la kusema zaidi ya kwamba yalipita.

Siku ya kwanza ya mazoezi tiba nilipewa kijana mmoja mpole, mwenye umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Aliifungua fremu, akaushika mkono wangu kutoka chini, akasema, "Haya Mwalimu, inua mkono." Nikainua. Yaani niliagiza, kwa nguvu zangu zote, hadi jasho likanitoka. Hakuna kilichotokea. Amri yangu ilishuka kwa njia yake ya miaka yote, ikaupita msuko uliochanika, ikapotea. Tukajaribu tena na tena. Siku ya pili vilevile. Nilianza kuhesabu gharama za kwenda na kurudi, na kufikiria kwamba mfupa haukushika.

Siku ya tatu kijana yule aliketi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, tuuache mkono. Pandisha bega tu. Pandisha kama mtu aliyeulizwa jambo asilolijua." Nikapandisha bega, na mkono ukainuka.

Haukuinuka sana, vidole viwili labda. Lakini ulitoka mikononi mwake na ukabaki hewani peke yake, nami nikautazama kama mtu anayetazama mlango uliofunguka bila kuguswa. Akaniambia niseme kwa sauti, "Sijui." Nikasema, sijui, mkono ukapanda. Sijui, ukapanda tena. Tukawa wawili katika chumba kile tunasema sijui na kucheka, hadi mgonjwa wa pazia la pili akauliza kuna nini.

Mshipa wa msuli ule haukuwa umebadilishwa, wala sehemu ya ubongo inayouamuru. Msuli ulihamishwa makazi pamoja na lugha yake, na lugha hiyo ilikuwa na neno moja tu. Ukiusemesha kwa lugha ya deltoidi haukuelewi. Ukiusemesha kwa lugha yake ya kuzaliwa unatii, lakini kwa kuwa sasa umeshika mahali pengine, utii wake unazaa kitendo kingine. Kazi ya miezi iliyofuata ilikuwa kulizoeza neno la zamani libebe maana mpya, hadi siku isiyokuwa na jina ambapo mtu huinua mkono bila kupitia kwenye sijui.

Wapenzi wa lugha, tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Neno kitabu lilikuja kwetu kutoka Kiarabu, na huko silabi yake ya kwanza ni sehemu ya mzizi, nyama yake hasa. Lilipofika katika mwili wa Kiswahili, silabi hiyo ilikaa mahali ambapo sisi huweka kiambishi cha ngeli, ikashika hapo, ikaanza kufanya kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Tukapata vitabu. Kilabu kimetoka katika Kiingereza na kimefuata njia hiyohiyo, tukapata vilabu. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayesema vitabu huku akiukumbuka mzizi wa Kiarabu. Lakini lazima walikuwapo watu, zamani, katika vinywa vyao vya kwanza, ambao neno hili liliwapa shida kama mkono wangu ulivyonipa mimi.

Mazoezi yalitakiwa kuwa ya polepole, kupanda kwa utulivu na kushuka kwa utulivu, mara nyingi kwa siku. Kuhesabu moja, mbili, tatu kulinichosha, nikatunga ubeti wa mizani 16, nane kupanda na nane kushuka. Ukwapi mkono unapanda, utao mkono unashuka:

Ulizoea we bega, kusema sijui neno,
Leo kazi ni kuiga, kuuinua mkono,
Uondoe wako woga, usichoke mivutano,
Nakutwika wangu bega, amana ya muungano.

Si ubeti wa kushindania tuzo. Ulikuwa chombo cha kazi, kama wimbo wa wavuta nyavu, na ulifanya kazi yake mara 40 asubuhi na mara 40 jioni. Binti yangu aliukariri kabla yangu. Nikipunja mizani, yeye hunirudisha.

Mwezi wa nane nilinyoosha mkono kuchukua glasi ya maji, nikanywa, na nilipoirudisha mezani ndipo nilipogundua kwamba sikusema sijui. Kwa kipimo cha daktari mkono huinuka nyuzi 60. Fundo la bega limetulia, halining'inii tena, na maumivu ya uzito yamekwisha. Ninaandika nusu ya chini ya ubao. Nusu ya juu humwita mwanafunzi mrefu, na wamefika mahali pa kuigombea nafasi hiyo. Habari za maktaba zilikufa zenyewe. Kilemba ninafungwa na dada wa kazi. Nywele za binti yangu ninazisuka mimi, akiwa amekaa mkekani, na mistari ya upande wa kulia huenda kombo kidogo kuliko ya kushoto. Amekuwa binti mkubwa mwenye maoni yake, lakini katika hilo hajawahi kulalamika.

Msuli nao haujaisahau lugha yake ya kwanza. Darasani mwanafunzi akiniuliza swali lililonizidi, bega langu hupanda kwa mazoea, na kwa kuwa bega na mkono sasa ni kitu kimoja, mkono wa kulia nao huinuka wenyewe, taratibu, kama wa mtu aliye na jibu. Darasa zima huangua kicheko. Huwaacha wacheke, kisha tunalitafuta jibu pamoja.

Ninaandika haya katika ukurasa wa washairi kwa sababu moja. Hapa ndipo walipo watu wanaojua kwamba neno likikatwa katikati hupoteza mizani yake. Mishipa ya fahamu itaendelea kuchanika maadamu pikipiki zinakimbia, na mgonjwa wa kesho ataambiwa kitu katika lile juma la kwanza, wakati milimita bado hazijaanza kuhesabiwa. Nimependekeza kuzimia, kuvunjika ndani na kukatika. Huenda Lamu, Unguja au Mrima mna maneno yaliyo bora, ya wavuvi, ya wasuka kamba, ya mafundi wa vyombo, wanaojua namna ambavyo uzi huweza kuharibika ndani ilhali nje unaonekana mzima. Yaleteni. Nami nitayapeleka kwa yule kijana wa mazoezi tiba, ambaye hadi leo huniuliza, kila tunapokutana, kama nina neno jipya.